Hesabu za Nyuma ya Daftari

Mbele ya daftari ni madeni ya dagaa:
Mama Nkwimba ndoo tatu, Rwegoshora nusu gunia
na ahadi yake ya Jumamosi isiyo na tarehe.
Nyuma, nikiligeuza kichwa chini,
ni nyumba.

Kiwanja kipo Kishiri, ishirini kwa ishirini na tano,
nilichokinunua kwa misimu miwili ya Mwaloni
na pete moja niliyoambiwa nisiiuze.
Kina muhuri wa mtaa, mashahidi wanne,
na jiwe.

Jiwe halimo kwenye hati.
Limekaa katikati kama mgeni aliyemtangulia mwenyeji,
kubwa kuliko chumba ninachopanga Mabatini,
na mijusi wake wananitazama, wakipiga pushapu,
kana kwamba mvamizi ni mimi.

Fundi Masalu alikuja na kamba, mambo, na njaa.
Akaligonga kwa kisigino. "Hili tulichome.
Matairi sita, kuni lori moja, usiku kucha.
Alfajiri tunalimwagia maji: linalia, linapasuka.
Kokoto unapata bure."
Bure ya Masalu ni laki nane.

Nikapanda juu ya jiwe, nikakaa,
nikahesabu kwa lugha niijuayo.
Mfuko wa saruji: ndoo moja ya dagaa, wakavu, wasio na mchanga.
Bati la geji ishirini na nane: ndoo mbili kasoro kibaba.
Nondo sijui. Nondo hupanda bei nikiitazama.
Na mbalamwezi ikiwaka taa za karabai hazidanganyi samaki,
hakuna dagaa, kwa hiyo hakuna ukuta.
Basi nikaandika:
kila giza la mwezi, kozi tatu.
Nyumba yangu itapanda gizani,
mwanga wa mwezi itapumzika.

Nyanzobe, miaka kumi na mitatu,
aliyelala maisha yake yote upande wa pili wa pazia la kanga,
hakuuliza habari za bati wala za sakafu.
"Chumba changu kitakuwa na mlango?"
Nikaandika: kitasa. Chenye funguo.
Nikapiga mstari chini yake, mara mbili,
kalamu ikatoboa karatasi.

Choo kiwe chini, mbali na kisima cha jirani.
Mfereji upite juu, kwani maji ya mlimani hayana adabu,
hayabishi hodi.
Dirisha la jikoni nilitaka lielekee ziwani.
"Kutoka hapa ziwa halionekani," Masalu akasema.
Najua. Lakini upepo wake unafika,
na wale wadudu wake pia; andika wavu.

Halafu lile jiwe.
Tukasogeza sebule hatua nne, jiko likapinda mgongo,
nyumba ikapata kona sita.
Masalu akashika kiuno: kona ni nguzo, mama,
nguzo ni nondo, nondo ni hela.
Nikamshika mkono, nikauweka juu ya jiwe, saa nane mchana.
Akautoa upesi.
"Umeona? Hapo dagaa watakauka kwa siku moja.
Mwaloni nalipia nafasi ya kuanika.
Hili nimepewa."
Akaitazama karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena.
"Ramani ya wapi hii?"
"Ya hapa."

Tukachora kwa majivu. Nyanzobe akashika ncha ya futi,
akarudi kinyumenyume hadi chumbani kwake,
akasimama ndani ya mistari,
akanyoosha mkono hewani
akafunga.

Usiku ule, Mabatini, mwezi ulikuwa sinia zima dirishani.
Hakuna kazi. Nikaligeuza daftari upande wa mbele,
nikatafuta jina, nikachukua simu:
Ndugu Rwegoshora, habari za siku nyingi.
Lile nusu gunia.
Umekalia mlango wa mtoto.